Mdogo Wangu Aliyepima Pumzi ya Bahari

Wivu wangu sikuuficha wakati ule, na sasa nimezeeka sioni sababu ya kuanza kuuficha. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kuwa aliiona bahari kabla yangu, kisha kwa kuwa aliijua bahari kuliko nilivyojua mimi kitu chochote, na mwisho kwa kuwa alikuja nyumbani kwangu Gongoni, hapa Tabora, kuniomba mtoto. Hayo mawili ya kwanza ningeyazoea. La tatu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na samaki mwenyewe sikumla.

Mtu wa pwani atashangaa kwamba watu wa Tabora, walio mbali na maji ya chumvi, wanaweza kugombea bahari. Hajui habari zetu. Zamani za misafara, kijana wa Kinyamwezi ambaye hajabeba mzigo mpaka pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume. Aliitwa mtoto hata akiota mvi, na wasichana walimcheka kisimani. Babu wa mama yangu alikwenda na pembe begani, akarudi na kaniki, shanga na majivuno ya kumtosha mpaka kaburini. Nyumbani kwetu heshima ilipimwa hivyo: nani amefika na nani hajafika. Sisi tulizaliwa wakati reli imekwisha kuziba nyayo za wapagazi, lakini mama yetu aliendelea kupima watu kwa kipimo kilekile.

Mimi ndiye niliyeanza kupenda sayansi. Hilo nataka liandikwe. Shuleni nilikuwa nikiongoza katika kemia, na mdogo wangu alikuwa akisoma madaftari yangu ya zamani, makosa yangu yamekwisha kusahihishwa kwa wino mwekundu. Nilipomaliza, nchi ilikuwa changa na haina walimu. Siku hizo hukuchagua, ulichaguliwa. Nikapelekwa chuo cha ualimu, na watu wakanipongeza kwa kuitumikia nchi. Yeye alipomaliza, miaka michache baadaye, nchi ikakumbuka kwamba ina bahari pia na haina mtu wa kuichunguza. Akapelekwa ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, akarudi Dar es Salaam na koti refu na kazi ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu wa Kanyenye aliyeweza kuieleza.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima hewa iliyomo ndani ya maji. Ni ile hewa tunayoitoa puani, inayotoka kwenye moto na kwenye injini, ambayo sasa wanaiita hewa ukaa na sisi tulikuwa tukiiita hewa ya kaboni. Bahari huivuta kutoka angani na kuiweka tumboni, naye alitaka kujua inavuta kiasi gani na inaifanyia nini. Alitoka na mashua mpaka maji marefu, akashusha chupa kwa kamba, akapandisha maji ya chini, akayafunga yasipate hewa nyingine hata chembe. Juu ya kizibo alipaka nta. Miaka ile ya foleni, wakati hata sukari ilikuwa ya kuonyeshana, nta nzuri haikupatikana mjini kwao. Basi akanikumbuka. Nikawa nanunua nta ya nyuki kwa warina asali wa Sikonge, waliokuja mjini na baiskeli zimesheheni, naifunga kwenye gunia na kuituma kwa treni. Huo ndio uliokuwa mchango wangu katika elimu ya bahari, wakati mimi ndiye niliyemfundisha alama ya kaboni.

Mume wangu, fundi wa reli, mtu wa maneno machache, alinitazama siku moja nikiibamiza ile nta kwenye gunia, akasema, "Taratibu, mke wangu. Nyuki hawakukukosea kitu."

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu alipita Tabora akienda Kigoma. Alitaka kupima maji ya ziwa ayalinganishe na ya bahari. Njia yake ilikuwa ileile ya misafara, kutoka pwani hadi Unyanyembe yetu hii na kutoka hapa hadi ziwani, ila yeye alikaa kwenye behewa na mzigo wake ulikuwa kasha la chupa. Nyingine tupu, nyingine zina maji ya bahari ambayo kipimo chake alikijua tayari, ya kuhakikisha kwamba vyombo vyake havidanganyi. Babu zetu waliteremsha meno ya tembo, yeye anapandisha maji ya chumvi. Nilimwambia hivyo stesheni, nikitaka limchome. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Shikamoo dada, na hiyo nitawasimulia wenzangu."

Mama alikuwa anakaa nasi tangu baba alipofariki. Kwa miezi alikuwa ameagiza jambo moja: aletewe maji ya bahari. Kwetu maji hayo ni dawa. Mtu huogea kuondoa nuksi, hunawa miguu inayouma, hunyunyiza mlangoni. Mdogo wangu, mtaalamu wa bahari nzima, alikuwa amesahau. Alileta khanga, alileta nazi, alileta mpaka dagaa wa pwani, lakini maji hakuleta. Nilifurahi. Nilikwenda jikoni nikafurahi peke yangu kwa utulivu.

Mama hakulia wala hakulalamika. Alingoja watu wakiwa sebuleni, akaenda kwenye kasha, akachomoa chupa moja iliyofungwa kwa nta. Kwake yeye chupa iliyofungwa namna ile ndiyo yenye nguvu hasa, kwa sababu mganga hafungi dawa ya bure. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika uani na vikombe, kila mmoja na nuksi yake. Mama alikuwa anakwangua nta kwa kisu cha jikoni mdogo wangu alipomwona.

"Mama! Weka chini, mama yangu. Hayo yana sumu!"

Majirani wakashusha vikombe. Ikabidi mdogo wangu aeleze. Ndani ya maji ya bahari mna vijidudu visivyoonekana, navyo vinapumua kama sisi. Ukiviacha hai kwenye chupa vitaendelea kutoa hewa ileile anayotaka kuipima, na kipimo kitakuwa uongo. Kwa hiyo kila chupa hutiwa tone la sumu kabla ya kufungwa. Majirani walisikiliza kwa adabu, wakarudi na vikombe vyao vitupu, na kabla ya adhuhuri Gongoni yote ilijua kwamba binti wa nyumba ile kazi yake ni kuitilia bahari sumu. Sikumkanushia mtu. Nilisema tu, "Yeye ndiye msomi, mwulizeni yeye."

Furaha yangu haikufika jioni. Binti yangu, mtoto pekee ambaye Mungu alinijalia, alikuwa anakaribia kumaliza darasa la saba. Alikuwa mtoto wa kuropoka, jibu linamtoka kabla hujamaliza swali. Tangu mama yake mdogo aingie hakumwacha hata aende bafuni kwa amani. Yule naye alimjibu kila kitu, tena kwa subira ambayo mimi nilikuwa naimaliza darasani na kurudi nyumbani mikono mitupu. Walikaa mkekani, vichwa vimegusana, wakichora mashua na kamba na chupa.

"Na moshi wa jiko la bibi unafika baharini?" mtoto akauliza.

"Moshi wenyewe hapana. Ile hewa iliyomo, ndiyo. Inazunguka na upepo, na sehemu yake bahari inaimeza."

Mama, aliyekuwa bado amenuna kwa ajili ya chupa yake, akainua kichwa. "Moto wangu huu wa kuni?"

"Huo huo, mama. Na wa mabani ya kukaushia tumbaku kule Sikonge, na wa treni."

Mama akachochea kuni kwa heshima mpya. Alikuwa amefika pwani bila kuondoka kwenye kigoda. Kununa kwake kukaisha, na mimi nikabaki peke yangu upande wangu.

Baada ya kula, mdogo wangu akaniomba mtoto. Hakuniita pembeni. Alisema mbele ya mama, kama inavyotakiwa. "Dada, nyumba yangu Dar ni kubwa na mimi niko peke yangu. Nipe binti yetu akasome sekondari kwangu. Likizo zote atakuja kwako."

Binti yetu. Kwetu neno hilo halina kosa. Mama mdogo ni mama, na kumpa ndugu asiye na mtoto mmoja wa kulea ni jambo la kawaida kama kumpa moto wa kuwashia jiko. Lakini moto huombwa kwa mwenye jiko lililojaa, na mimi kaa langu lilikuwa moja. Mama akalitamka alilokuwa akilifikiri: "Wewe una mume, una nyumba yenye watu. Mwenzako ana chupa."

"Basi azae," nikasema.

Mume wangu akakohoa. Mdogo wangu akatazama sakafuni, na sikujuta. Nilimwambia nitamjibu akirudi kutoka Kigoma. Nilijua jibu langu, nilitaka tu alibebe swali lake mpaka ziwani na kurudi nalo.

Alipoondoka nikaanza vita. Shule niliyofundisha ilikuwa ya kijiji cha Ujamaa nje ya mji, na binti yangu alisoma hapohapo. Asubuhi darasa, baadaye shamba la shule, kwa maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na jembe lilikuwa sehemu ya kujitegemea. Niliamua kwamba kama mtoto anataka sayansi, ataipata kwa mama aliyemzaa. Nikamwomba mama chokaa yake ya tambuu. Nikaikoroga kwenye maji, nikaacha itulie, nikamimina maji ya juu kwenye bilauri, maangavu kama ya kisima. Nikakata bua la jani la papai, lenye tundu katikati, nikampa binti yangu mbele ya darasa zima apulize pumzi yake ndani.

Akapuliza. Maji yakageuka, yakawa kama yametiwa maziwa. Watoto wakapiga makofi, na mimi nikahisi nimerudi kuwa yule msichana aliyeongoza katika kemia.

"Hiyo ndiyo hewa ya kaboni," nikawaambia. "Imeshikana na chokaa, imekuwa unga mweupe."

Binti yangu alikuwa bado ameshika bua. "Mwalimu," akasema, kwani shuleni aliniita hivyo, "nikiendelea kupuliza?"

"Yatabaki meupe."

"Hata nikipuliza sana?"

"Hata ukipuliza mpaka uzimie. Kaa chini."

Akakaa. Usiku huo nikamkaangia mihogo, nikamsuka nywele mwenyewe, nikamsimulia habari za babu wa mama na pembe zake. Alinisikiliza vizuri. Nilipomaliza akauliza kama huyo babu aliona rangi ya maji ya mbali au ya ufukweni tu, maana mama mdogo amesema si sawa.

Mdogo wangu alirudi kutoka Kigoma amekauka midomo, amechoka, kasha limejaa. Hata hajavua viatu, mtoto akamletea habari ya bua la papai, kila kitu, pamoja na swali lake na jibu langu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Mdogo wangu alinitazama mara moja, haraka, na kwenye mtazamo ule niliona kwamba anajua nimekosea na anatafuta njia ya kunistahi. Afadhali angenitukana.

"Jaribu," akamwambia mtoto. "Usiamini mtu, hata mimi. Jaribu."

Wakatengeneza maji ya chokaa, mdogo wangu akayazimua kwa maji mengine, binti yangu akapuliza. Yakawa meupe kama ya darasani. Akaendelea. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka, akapumzika, akapuliza tena. Chai ilipoa mkononi mwangu. Mama alisogeza kigoda. Kisha taratibu, kuanzia pembezoni, weupe ukaanza kuondoka. Maji yakarudi kuwa maangavu, mpaka tukaona kupitia kwayo ua la kitambaa cha meza.

"Unga umekwenda wapi?" mtoto akauliza, anahema.

"Umeyeyuka. Hewa kidogo ilitengeneza ule unga, hewa nyingi imeula. Na makombe ya baharini, magamba ya konokono, mawe ya matumbawe, yote yameumbwa kwa unga huohuo."

Mtoto akayatazama maji ya bilauri. Halafu akasema, "Na bahari ikishiba?"

"Sijui," mdogo wangu akajibu. "Hakuna anayejua bado. Ndiyo maana ninapima."

Nawaambia ukweli, kukosea mbele ya mwanangu niliweza kukustahimili. Mwalimu hukosea na jua likachwa. Lile "sijui" ndilo lililonimaliza. Miaka yote darasani sikuthubutu kulitamka, kwa sababu mdomoni mwangu lingekuwa ujinga. Mdomoni mwake lilikuwa usomi, na mtoto wangu alimtazama kana kwamba amepewa zawadi. Mimi nilikuwa nimempa majibu tangu alipojifunza kusema, na hakuna hata moja lililomtia macho yale.

Mama aliona yote. Kwa mambo ya kemia hakuwa na haja, kwa mambo ya mabinti zake hakupitwa na kitu. Akaweka kando kikopo chake cha tambuu, akamwita mjukuu wake akae chini mbele yake, katikati yetu.

"Mjukuu wangu," akasema, "mama zako hawa watararuana kwa ajili yako, na mimi sina nguvu ya kuamua. Useme mwenyewe. Unataka kwenda pwani kusoma kwa mama yako mdogo?"

Mtoto akanitazama. Sikufanya kitu. Sikukunja uso, sikutikisa kichwa, nilishika sinia langu. Lakini alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma ubao, na ninajua alichokisoma kwa sababu kiliandikwa pale kwa wiki nzima.

"Hapana, bibi," akasema. "Mimi sipendi kwenda pwani. Mimi ninapenda kusoma hapa nyumbani kwetu Tabora pamoja na mama yangu."

Mume wangu akashusha pumzi. Mdogo wangu akaitika kwa kichwa, akaanza kukusanya vikombe visivyohitaji kukusanywa, amenipa mgongo. Nilikuwa nimeshinda. Mbele ya mama, kwa kinywa cha mtoto mwenyewe, bila mimi kusema neno.

Ila mtoto wangu alikuwa mtoto wa kuropoka. Akisema la kweli, maneno humtoka yakikanyagana. Sentensi ile ilikuwa nzima, imenyooka, ina mwanzo na mwisho. Mimi ndiye niliyemfundisha kujibu hivyo, mbele ya wakaguzi wanaokuja shuleni, anaposema kile ambacho watu wazima wanataka kukisikia. Alikuwa amenitazama usoni, akaona jibu ninalolitaka, akanipa.

Nikaona jinsi tutakavyoishi. Atakaa. Atafaulu, ataolewa karibu, atanipikia nikiugua, na kila siku atanijibu kwa sentensi nzima. Na kule Dar mdogo wangu, ambaye hatakuwa naye hata siku moja, ndiye atakayekuwa na kule kuropoka kwake kote. Hata hilo nikalionea wivu, tena kwa hasira.

"Anadanganya," nikasema.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Anataka kwenda. Anataka tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye ninayemzuia." Nikaweka sinia chini kwa kishindo, chai ikamwagika. "Mchukue. Tena mchukue kwa treni ya kesho, darasa atamalizia huko, kabla sijageuka."

Mama akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Mdogo wangu aligeuka na vikombe mikononi, machozi yanamtiririka. Nami nikafungua mikono, kwa kuwa mtoto alikuwa ameruka kutoka mkekani akipiga kelele, maneno yanamtoka yakikanyagana, bahari na mashua na chupa na shule, uso wote unacheka, kama nilivyokuwa sijamwona kwa wiki nzima.

Akanipita, akamrukia mama yake mdogo shingoni.